Chuo cha mafagio

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani? Mnaniona na koti ndani ya gari. Hapa Lexington baridi imeshaanza kuuma.

Wadogo zangu wa kidato cha sita mmenijazia meseji: dada, chuo gani Marekani? Na wote mnataja vilevile vikubwa vya kwenye televisheni. Sawa. Mimi nilisoma kikubwa. Mwaka wa kwanza darasa moja tulizidi 300, nimehitimu kuna wahadhiri hawalijui hata jina langu. Deni bado nalilipa.

Sasa jana nilikuwa Chuo cha Berea, hapahapa jimbo la Kentucky, dakika 45 hivi kwa gari. Wanafunzi kama 1,500 tu, shule za kata zipo zinazokizidi! Lakini ada hawatozi tangu 1892. Badala yake kila mwanafunzi anapangiwa kazi, si chini ya saa 10 kwa wiki, hakuna cha mtoto wa fulani. Wapo wanaopokea wageni Boone Tavern, hoteli ya chuo ya tangu 1909, wapo wa shambani, wapo wa karakana ya mafagio.

Ngoja niwaoneshe. Hili hapa. Ni masuke ya mtama, yamekazwa kwa waya, halafu uzi umepita mstari kwa mstari, vuta uone, halichomoki hata moja. Wanafunzi wanayatengeneza tangu 1920. Bei siitaji, mama anaangalia hii video.

Na si chuo cha juzi. Kilianza 1855, mwanzilishi wake John Fee alikuwa mhubiri aliyepinga utumwa. Weusi na weupe walikaa darasa moja mpaka sheria ya jimbo ilipowatenganisha 1904. Carter G. Woodson, yule mwanahistoria mweusi, alihitimu pale 1903, akawahi.

Tusidanganyane: mji ni kimya, jioni utahesabu magari. Nafasi za wageni chache mno, na wanataka watoto wa familia zenye kipato kidogo hasa, kwa hiyo ukiwa na baba mwenye maghorofa, pita.

Mchana nilikula na binti mmoja wa Bukavu, Kiswahili chake na changu cha Tanga vinagongana, tunacheka. Mara mhadhiri wake wa kemia akapita na sinia lake, akasimama: "Kile kikohozi kimeisha?"

Binti akajibu kimeisha, akaendelea kula, kama kitu cha kawaida. Mimi ndiye niliyebaki na kijiko hewani.

Maswali ya fomu niandikieni hapo chini, nitajibu usiku nikitoka kazini.