Herufi Moja ya Sembène

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kazi ya mwongozaji wa filamu aliye huru na anayejiandikia muswada mwenyewe. Nimeona heri nimshike mtu mmoja, Ousmane Sembène wa Senegali, aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923 na ambaye, miaka mingi kabla ya kushika kamera, alikuwa kuli katika bandari ya Marseille. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1956, aliiandika kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wa watu wake hawakuweza kuisoma. Ndipo mwaka 1962, akikaribia miaka 40, akaenda Moscow kujifunza filamu.

Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, ya dakika kama 20. Mwendesha gari la farasi anaingia mtaa wa wakubwa jijini Dakar, asikoruhusiwa kufika. Askari anamsimamisha, nishani yake ya vita inadondoka, na anapoinama aiokote, kiatu cha askari kimekwisha kuikanyaga. Hakuna anayepaza sauti. Tazameni jinsi muswada ulivyoiachia nishani ile iseme habari yote ya ukoloni na ya uhuru uliofuata.

Wengi hudhani mwongozaji huru ni yule asiye na fedha. Fedha Sembène alizitafuta kama wenzake, na alizipokea hata kutoka Ufaransa. Alichokilinda ni neno la mwisho juu ya muswada. Alipotengeneza Mandabi, mkasa wa mzee na hawala ya posta, uliotoka mwaka 1968, fedha hizo za Ufaransa zilikuja na sharti kwamba filamu iwe kwa Kifaransa, naye akaipiga filamu hiyo katika nakala mbili, moja ya Kifaransa na moja ya Kiwolof, lugha ya wengi nchini Senegali. Ya Kiwolof ndiyo inayokumbukwa.

Nyumbani nako hakusalimika. Filamu yake Ceddo ya mwaka 1977 ilizuiwa na serikali ya Rais Senghor wa Senegali kwa hoja kwamba jina hilo huandikwa kwa d moja. Rais alikuwa mshairi na bingwa wa sarufi, kwa hiyo kisingizio kilimkaa vizuri, ingawa wengi waliamini kuwa kilichoudhi ni namna filamu ilivyoonyesha dini ikiingizwa kwa nguvu. Sembène hakuifuta ile d ya pili. Filamu yake ndefu iliyofuata ilitoka mwaka 1988.