Tusihesabu Miti Mikubwa Peke Yake

Mabibi na mabwana, wahifadhi huulizwa kila mara: mmea huu adimu, imebaki mingapi? Jibu la swali hilo linaweza kutudanganya. Msitu wenye miti mikongwe mia tano na usio na mche hata mmoja umeshaanza kutoweka, ingawa jicho bado linaona kijani kibichi.

Mti mkubwa huvumilia. Mizizi yake imezama, shina limeweka akiba, ukame wa msimu mmoja haumwangushi. Mche hauna kinga hiyo: mbegu huota kwa mvua za kwanza, mvua ikikatika miche yote hukauka. Ndiyo maana tunaweka alama kwenye mmea mmoja mmoja, tunarudi kila mwaka kuandika uliokufa, uliochanua na ulioota. Hapo ndipo tunapokokotoa kasi ya ongezeko, yaani idadi ya mwaka unaofuata ikigawanywa kwa idadi ya mwaka huu. Ikiwa chini ya 1, idadi inashuka, hata kama leo mimea ni maelfu.

Tazameni ule mmea wa majani ya rangi ya fedha unaoota kwenye mlima Haleakalā, kisiwani Maui, Hawaii, na kwingine popote haupo. Kufikia miaka ya 1920 mbuzi na watu waliokuwa wakiung'oa walikuwa karibu kuumaliza. Ukalindwa, ukaongezeka sana. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kweli. Lakini tangu miaka ya 1990 unapungua tena, bila mbuzi wala mng'oaji. Hali ya hewa imekuwa kavu zaidi, na vifo vimekuwa vingi zaidi sehemu za chini. Kuhamia juu zaidi mlimani nako kuna mwisho: kilele kiko mita 3,055.

Tena mmea huu huishi miongo kadhaa, huchanua mara moja, kisha hufa. Haujichavushi wenyewe. Wachache wakichanua mwaka mmoja, mbali mbali, chavua haifiki na mbegu zinakuwa tupu. Uchache huzaa uchache.

Mwisho wa njia hiyo tunao mfano: Encephalartos woodii, mmea unaofanana na mtende, ambao dume na jike ni mimea tofauti, aliyepatikana msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, mwaka 1895. Alikuwa dume mmoja tu. Jike hajaonekana hadi leo, na yote iliyoko kwenye bustani za mimea ni machipukizi yake.

Benki za mbegu zinasaidia, lakini miti mingi ya misitu ya mvua mbegu zake hufa zikikaushwa. Kwa hiyo naomba tukusanye mbegu mapema, mimea mama ikiwa bado mingi, na tusiisahau mimea inayoishi ukingoni penye joto na ukavu, kwa sababu huenda vinasaba vya ustahimilivu viko kwayo. Na wafadhili wasilipie sensa ya miaka miwili. Mmea unaoishi miaka hamsini hausomeki kwa miaka miwili.