Mwendesha mashtaka aulizwe tendo

Ndugu zangu wa Dodoma, nanyi mliotoka Kongwa na Mpwapwa,

Ibara ya 59B ya Katiba inampa Mkurugenzi wa Mashtaka uhuru wa kushtaki au kutoshtaki bila kuingiliwa. Ibara hiyo hiyo inamtaka azingatie kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Hapo ndipo mwananchi anapopata pa kumuulizia.

Malalamiko mengi dhidi ya waendesha mashtaka walio chini yake hufa kwa kuandikwa "nimeonewa" na kuishia hapo. Andika tendo: ameficha ushahidi unaomsaidia mshtakiwa, amemfundisha shahidi la kusema, ameomba fedha, au amemtisha mtu akubali makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ulioingia katika sheria mwaka 2019. Taja namba ya shauri, mahakama, tarehe, na nani alisimama upande wa Jamhuri.

Nguvu yenu iko kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu anazoandika hakimu. Jambo likitokea mbele ya hakimu, mwombeni aliandike siku hiyo hiyo. Likipita bila kuandikwa, kulithibitisha baadaye ni kazi ngumu mno. Fuatilieni hasa maahirisho. "Upelelezi haujakamilika" ina ukomo: kwa makosa mengi ya mahakama za chini, zikipita siku 60 lazima iletwe hati ya kuomba muda zaidi. Isipokuwepo, shauri lisikilizwe au mshtakiwa aachiwe. Hati hiyo haiulizwi inavyostahili, na mtu anazidi kukaa mahabusu gereza la Isanga. Kumfungia mtu ndani huku unamtafutia ushahidi ni kukosa maadili, hata kama kila karatasi imegongwa muhuri. Vivyo hivyo kumfutia shtaka na kumkamata tena mlangoni pa mahakama: tangu marekebisho ya 2022, harudishwi kwa mambo yale yale mpaka ushahidi utoshe na shauri liwe tayari kusikilizwa.

Barua iende kwa mfawidhi wa ofisi ya mashtaka ya mkoa, nakala makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Penye rushwa, pigeni TAKUKURU, 113. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora haichunguzi jambo lililo bado mahakamani.

Malalamiko hayasimamishi muda wa rufaa. Aliyetiwa hatiani mahakama ya wilaya atoe notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa ifike Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Ziombeni nakala hizo kwa maandishi mapema.