Mikunga wa bustani kwa waya na uzi

Karibuni tena, ni mimi mama nyuzi wa Mbuyuni, Moshi. Leo mikunga. Siyo wa leba jamani! Ni samaki mwembamba anayeishi shimoni kwenye mchanga wa bahari, kichwa juu, mkia ndani. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki yupo.

Mkubwa hufika sentimita 40, sisi tunafanya nusu. Kata waya wa kufungia nondo, kunja ncha, zungushia uzi mweupe wa kufumia, basi.

Macho ni shanga nyeusi, chagua kubwa, maana huyu anawinda kwa macho: anadokoa vijidudu vinavyopita na maji. Maka peni sasa. Vidoti mwili mzima, doa kubwa nyuma ya kichwa, jingine katikati... Junior, simu! Wanaona kucha zangu tu.

Haya, mchanga. Wa baharini ni mweupe, lakini mimi napenda huu mweusi wa mtoni, samaki anaonekana. Changanya na gundi nyeupe ya seremala, shindilia kwenye bakuli la kioo. Mkunga mwenyewe huchimba kwa mkia, kisha ute wa ngozi yake unashika kuta zisibomoke. Gundi ndiyo ute wetu.

Toboa kwa msumari wa inchi sita. Ngoja, ngoja! Umepaka msumari mafuta? Paka. Mara ya kwanza sikupaka, nikaulaza humo usiku kucha. Asubuhi nikainua msumari na mchanga wote, kama mshikaki. Mara ya pili nikachomoa mapema, shimo likajifumba. Kwa hiyo mafuta, halafu kila ukipita uzungushe kidogo. Kidogo! Mchanga ukigoma kuingia kucha, chomoa taratibu. Narudia, mafuta.

Wachomeke, urefu tofauti, na wote watazame upande mmoja, mkondo unakotoka, ndiko chakula kinakotokea. Ukiwageuza huku na huku wanakuwa abiria stendi.

Ni waoga hawa. Mwaka 2020 jumba la samaki la Sumida, Tokyo, lilifungwa kwa korona, wakasahau watu, wakawa wanajificha wakiona wahudumu. Ikabidi watu waombwe kuwapigia simu ya video wajionyeshe sura!

Uzi mweupe ninao, shanga pia, njooni. Na huyu wa pembeni mbona kageuka? Junior, umemgusa?