Mbuzi, kondoo na kipande cha mti

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Leo nna kitabu kimoja tu, Daphnis and Chloe, toleo la London la 1893 lenye picha za kuchongwa kwenye mbao, na naanza na mbuzi maana bila mbuzi hakuna hadithi. Kisiwa cha Lesbos huko Ugiriki, mchungaji anakuta mbuzi wake ananyonyesha kitoto cha kiume, ndo Daphnis, miaka miwili baadae mwenzake anakuta cha kike, ndo Chloe, pangoni kinanyonya kondoo, wanakua, wanachunga pamoja, afu wanapendana na wala hawajui kinachowasumbua ni nini. Aliyeandika hadithi yenyewe ni Longus, zamani za utawala wa Roma, na anasema alikuwa anawinda akaona picha kwenye msitu mtakatifu, ndo akaenda kuiandikia hadithi. Yaani picha ndo ilizaa maneno.

Sasa kuna wasanii wawili, wote Charles, Ricketts na Shannon, walikutana wakiwa wanafunzi wa kuchonga picha kwenye mbao kusini mwa London, baadae wakaishi pamoja Chelsea, hukohuko London, ndo wakairudisha hadithi kwenye picha. Ila angalieni mwaka! Wakati huo michoro ya magazeti ilikuwa inahamishiwa kwenye bati kwa kamera na asidi, mafundi wa mbao kazi zinawaishia, na hata kabla ya hapo fundi kazi yake ilikuwa kuchonga mchoro wa mtu mwingine. Hawa wakachora wenyewe na kuchonga wenyewe.

Kazi yenyewe sasa. Unachukua mti mgumu, unaukata kwa kukingama siyo kwa urefu, unausugua mpaka unateleza, afu na kachuma kenye ncha unaondoa chochote unachotaka kiwe cheupe, kilichobaki juu ndo kinashika wino, kama muhuri, na kama muhuri unachonga kinyume, kulia inakuwa kushoto. Mkono ukiteleza kwenye pua ya Chloe imekula kwako. Na zikatoka nakala 210 tu.

Mi navyoipenda ni ile mistari myembamba, hawajajaza vivuli, wameiga kitabu kimoja cha Venice cha 1499, kwahiyo picha na herufi zinakaa ukurasa mmoja bila kugombana.

Hebu tuone hii ya mwisho, karamu ya harusi. Hao wageni mezani siyo Wagiriki wote, Ricketts na Shannon wamo, na marafiki zao pia wamo, wamejialika wenyewe!