Tiketi Moja au Mbili: Mhadhara kwa Wanakikundi Wanaokwenda Kutembea Ulaya Kutokea Mwanza

Mwangaluka! Wazee wangu shikamooni, na wengine hamjambo. Nawashukuru kwa kunikaribisha. Mwenyekiti amenieleza kwamba kikundi kimeweka akiba muda mrefu kwa ajili ya safari hii ya Roma na Paris, na kwamba kinachowanyima usingizi ni habari za ndege kuchelewa na watu kuachwa njiani. Kazi yangu ni kukata tiketi, ofisi yetu iko hapa mjini si mbali na Makoroboi. Nitakayosema nimeyaona kaunta.

Nianze na lile lisilopendwa. Wateja wengi ninaowaona wakikosa ndege ya kuunganisha, safari yao iliharibika hapa hapa Mwanza, siku ya kununua tiketi. Doha na Addis Ababa, wanakobadilishia ndege, zinasingiziwa tu.

Kutoka hapa hadi Roma hakuna ndege ya moja kwa moja. Utaruka Mwanza hadi Dar es Salaam, saa moja na nusu hivi, kisha Dar hadi mji wa kuunganishia, kisha Roma. Sasa mtu anaingia kwenye simu, anaona tiketi ya Dar hadi Roma ina bei nzuri. Anailipia. Baadaye anatafuta ya Mwanza hadi Dar kwa shirika jingine, nayo ina bei nzuri. Anailipia. Anafurahi, amebakiza hela ya zawadi. Hajui kwamba ana mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya Mwanza ikichelewa, shirika la Mwanza litamfikisha Dar, na wajibu wake umeishia hapo. Shirika la Dar litamwita jina, halitamwona, litafunga mlango. Kwa macho yao ni abiria aliyeamua kutokuja.

Mliokwenda Geita kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025 mnalijua hili bila kufundishwa. Ukiwa umekatiwa tiketi ya basi Mwanza hadi Geita, foleni ya kivuko ilikuwa shida ya konda. Ukienda na hiace hadi Kigongo, ukavuka kwa miguu, ukakuta basi la ng'ambo limeshaondoka, ulimlalamikia nani?

Tiketi moja ni ile yenye vipande vyote vya safari ndani ya namba moja ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita, tena vipande vimeuzwa kwa pamoja. Hapo kipande cha kwanza kikichelewa ukakosa cha pili, ni juu yao kukutafutia ndege nyingine bila kukudai nauli. Na wenyewe hawakuuzii muda wa kuunganisha ulio chini ya ule uliowekwa kwa uwanja ule. Ukijipangia mwenyewe, hakuna anayekuzuia kuacha dakika arobaini.

Angalieni na mzigo. Siku ya safari, pale uwanjani kwetu, kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, someni ile karatasi wanayoifunga kwenye mshikio. Ikiandikwa FCO, begi linakwenda Fiumicino, Roma. Ikiandikwa DAR, litaishia Dar, utalisubiri, utatoka nalo nje, na kama umeshukia Jengo la Pili la abiria utatafuta gari likupeleke Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa mwaka 2019, uanze foleni upya. Kaunta ya ndege ya nje hufungwa saa nzima kabla ya kuruka, wakati mwingine mapema zaidi. Mtu mwenye saa tatu za kuunganisha anadhani ana muda. Toa saa hiyo moja, toa kusubiri begi, toa foleni ya ukaguzi. Ndege ikichelewa saa moja tu Mwanza, hesabu imeisha.

Kwa hiyo kama ni lazima mnunue tofauti, na nakiri mara nyingine tofauti ya bei inatisha, basi nendeni Dar siku moja kabla. Lala Dar. Gesti ya usiku mmoja haiwezi kufikia bei ya tiketi mpya ya Ulaya inayonunuliwa kaunta siku ile ile. Najua kuna wanaonong'ona kwamba wakala anapigia debe biashara yake. Ni kweli nauza tiketi, na hiyo ya vipande viwili nawauzia vilevile.

Kuna jambo jingine linaloumiza watu wenye tiketi nzuri kabisa. Mama mmoja, mteja wetu, alikuwa na tiketi moja, Mwanza hadi Ulaya na kurudi. Wiki moja kabla akaenda Dar kwa basi kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Akaona, kwa nini nirudi Mwanza? Nitapandia hapa hapa. Siku ya safari kafika kaunta Dar, anaambiwa hana nafasi. Kipande cha Mwanza hakukipanda, mfumo ukaandika abiria hakutokea, ukafuta vilivyofuata vyote, hadi cha kurudi. Alilia pale. Wakubwa zangu, msiruke kipande. Mipango ikibadilika, pigeni simu kabla ndege ya kwanza haijaondoka, tiketi irekebishwe. Baada ya hapo hata mimi mikono yangu imefungwa.

Sababu za kuchelewa sitazikalia. Iko hali ya hewa, na wa ziwani hatuhitaji kuelezwa sana. Wavuvi wa dagaa wanajua radi za ziwa ni za usiku. Nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote za pwani kuelekea katikati, unakutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanapanda hadi alfajiri. Mchana inageuka, mvua inahamia nchi kavu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikitua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliingia ziwani na watu 19 wakafariki. Rubani akisema anasubiri wingu lipite, mimi nakaa chini nanywa chai.

Halafu kuna mzunguko. Ndege inayowachukua Mwanza saa kumi jioni tangu asubuhi imeshakwenda mikoa mingine, na kila ilikochelewa inakuja na deni lake. Marubani nao wana saa za kazi kisheria, zikiisha zimeisha. Na ndege za akiba zimekuwa chache: tangu 2023 mamia ya ndege duniani zimewekwa chini kwa sababu ya injini za kizazi kipya za Pratt & Whitney zinazosubiri ukaguzi na vipuri. Ndiyo maana nawashauri ndege ya asubuhi. Haijabeba deni kubwa, na ikifutwa bado kuna nyingine siku hiyo.

Sasa tuseme mmefanya yote sawasawa, na bado mmekwama njiani usiku. Hapa Mtanzania na Mzungu hawako sawa, na vitabu vingi vya ushauri wa safari havisemi kwa sababu vimeandikwa kwa wenye pasipoti nyingine. Shirika linaweza kuwapa hoteli, lakini hoteli ikiwa nje ya uwanja mnahitaji ruhusa ya kuingia nchi ile. Mwenzako mwenye pasipoti ya Ujerumani anapita, wewe unabaki kwenye kiti cha chuma hadi asubuhi. Kwa hiyo mnapochagua njia msiangalie bei peke yake. Ulizeni: tukilala hapa, tunaweza kutoka? Nairobi tunaingia bila visa. Kwingine mashirika yana utaratibu wa kuwaombea abiria wao kibali cha usiku mmoja, lakini muulize kabla ya kulipa. Na mkoba wa mkononi uwe na dawa za siku kadhaa, nguo ya kubadili, kitu kizito cha kujifunika. Mzee mwenye sukari asiweke dawa kwenye begi kubwa hata kama anasindikizwa na daktari.

Nairobi nayo ina la kukumbuka wakati wa kurudi. Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na pia kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi hizo akiunganisha. Kenya imo, Ethiopia imo. Ulipanga saa nne, ndege ikachelewa, zikawa kumi na tatu: kadi ya njano umeiacha kabatini Nyakato. Ibebeni.

Mnasafiri kikundi, na hili ni lenu hasa. Watu kumi na wanne kwenye bukingi moja mkiachwa na ndege, kompyuta itatafuta viti kumi na vinne. Havipo. Kuna vinne kesho asubuhi, na vingine keshokutwa. Bukingi inaweza kugawanywa, waombeni waigawe. Lakini amueni mkiwa hapa Mwanza nani anakwenda na nani, kabla hamjafika mbele ya yule binti wa kaunta mkaanza kubishana kwa Kisukuma. (Kicheko.) Mzee asiende peke yake. Anayejua Kiingereza asiwe kwenye kundi la kwanza pamoja na wengine wote wanaokijua.

Hoteli ya Roma nayo ipigieni simu au mtumie ujumbe mara tu mnapojua mmechelewa. Usiku wa kwanza usipotokea, hoteli nyingi zinafuta siku zote ulizolipia. Na siku ya kufika msiikatie tiketi ya treni wala ya makumbusho yenye saa maalumu. Siku hiyo ni ya kulala.

Haki zenu. Upo Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania ni mwanachama. Unasema shirika linawajibika kwa hasara itokanayo na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia. Ukomo kwa abiria mmoja tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 6,303, ile fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Msianze kupiga mahesabu ya kiwanja. Huo ni ukomo, na unalipwa hasara unayoweza kuionyesha: chakula, hoteli, teksi. Bila risiti huna hasara. Tumezoea kuidharau ile karatasi ya EFD, kule itunzeni.

Na hapa tunarudi kwenye ile tiketi moja. Mkataba huu unahusu safari ya kimataifa, na kipande cha Mwanza–Dar kinahesabiwa humo kikiwa sehemu ya safari moja iliyouzwa kama safari moja. Ukikinunua peke yake ni safari ya ndani kama ya mtu anayekwenda Kariakoo kufuata mzigo. Malalamiko ya hapa nyumbani yana Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Watu wachache sana wanalitumia, sijui tunamwogopa nani.

Mkiwa Ulaya mambo ni mazuri zaidi. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inamlinda kila anayeondoka kwenye uwanja wa nchi za umoja huo, awe na pasipoti ya wapi, apande shirika la wapi. Ukifika mwisho wa safari umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, fidia kwa masafa kama yetu inafika euro 600. Kwa tiketi moja, mwisho wa safari ni pale tiketi inapoishia. Dhoruba haina fidia, ila chakula na malazi bado wanadaiwa. Mnapokwenda, kanuni hiyo inawahusu tu kama shirika lenyewe ni la Ulaya.

Wengi mnasema, sisi tuna bima, ubalozi ulitulazimisha. Ile ya visa ya Schengen, visa moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, bima ya angalau euro 30,000, sharti lake ni matibabu na kurudishwa nyumbani mgonjwa au marehemu. Kukosa ndege si ugonjwa. Kuna bima za safari zinazolipa ucheleweshaji, zinauzwa pembeni, na zisomwe kwanza zinaanzia saa ngapi za kuchelewa.

Begi likichelewa, msitoke uwanjani bila kuandikiwa fomu. Malalamiko ya maandishi mna siku 21 tangu mlipokabidhiwa begi. Likiwa limevunjika ni siku 7. Kesi mahakamani, miaka miwili.

Nimepewa karatasi ya swali na mzee wa mbele. Anauliza, minofu ya sangara kutoka viwandani Mwanza imekuwa ikipelekwa Nairobi kwa lori ndipo ipande ndege, kwa nini na sisi tusipite Sirari kwa basi, tuanzie Nairobi? Mzee, inawezekana, na wapo wateja wangu wanaofanya hivyo. Ila hapo kipande cha kwanza ni basi, na hakuna shirika la ndege litakalowasubiri basi likiharibika Tarime. Fikeni Nairobi jana yake, mlale. Na tiketi iandikwe Nairobi kwenda na Nairobi kurudi, msije mkakatiwa ya Mwanza kisha mkaipandia Nairobi, mkafanana na yule mama wa harusi.

Ndiyo, dada wa pale mlangoni, uliza.