Keshia Aketi Mezani: Kulinganisha Mbinu za Kusanifu Programu Salama

Ndugu zangu mnaounda programu hapa Kisumu, nanyi maafisa wa vyama vya akiba na mikopo, nawashukuru kwa kufika.

Leo nitalinganisha mbinu tatu za kutafuta udhaifu wa mfumo ungali kwenye mchoro, kwa maana kosa la usanifu haliondolewi kwa kurekebisha mstari mmoja wa msimbo.

Tuchukue SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, inayokopesha kwa simu. Mwanachama akisahau PIN, mfumo humtumia nambari ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Akibadilisha laini, karani huingiza nambari mpya. Karani mwenye nia mbaya anaweza kuweka nambari yake kwenye akaunti ya mwanachama jioni, kuomba PIN mpya, kuchukua mkopo, kisha kurudisha nambari ya awali kabla ya mapambazuko. Hakuvunja chochote, kila hatua ilikuwa halali machoni pa mfumo.

Mbinu ya kwanza, STRIDE, iliyobuniwa Microsoft mwaka 1999 na Loren Kohnfelder na Praerit Garg, hupitia mchoro wa mtiririko wa data, unaoonyesha data inakopitia ndani ya mfumo, ikitafuta vitisho sita: kujifanya mtu mwingine, kuchezea data, kukana kitendo, kuvuja kwa siri, kuzuia huduma na kujipandishia mamlaka. Naipenda kwa sababu hata mwanagenzi akiifuata kwa utaratibu hataruka sehemu. Hata hivyo, timu inayokagua sehemu mojamoja inaweza kumpita karani wetu, kwani kila sehemu aliyoigusa alikuwa na ruhusa nayo.

Ya pili, mti wa mashambulizi, ulioenezwa na mtaalamu wa usalama wa kompyuta Bruce Schneier mwaka huohuo, huanza na lengo la mhalifu, kisha huligawa katika njia za kulifikia, na kila njia hupewa gharama. Ukiuchora kwa uaminifu utaona kwamba kumhonga karani ni rahisi mno kuliko kuvunja usimbaji fiche unaoficha data, ambao ndio tunaoutumia fedha nyingi. Tatizo ni kwamba tawi lisilomjia mchoraji akilini halitachorwa.

Ndiyo maana mimi hutanguliza visa vya matumizi mabaya, mbinu ya tatu, ya watafiti Guttorm Sindre na Andreas Opdahl wa Norwei, ambayo huandika kwa lugha ya kawaida jinsi mtu anavyoweza kuutumia mfumo kwa ubaya. Haidai ujuzi wa kompyuta, kwa hiyo keshia na afisa wa mikopo, wanaojua hila za kaunta, huweza kusema. STRIDE ifuate, na mti ubakie kwa yale malengo mawili matatu ya kutisha zaidi.

Tiba ya kisa chetu ni mojawapo ya kanuni nane za usalama wa kompyuta za watafiti Jerome Saltzer na Michael Schroeder za mwaka 1975: mamlaka yagawanywe. Afisa wa pili aidhinishe badiliko la nambari, ujumbe wa tahadhari uende kwa nambari ya zamani, na mikopo isimame kwa saa 72. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinatudai ulinzi wa namna hii tangu kwenye usanifu.

Lakini kanuni nyingine kati ya hizo nane hudai pia kwamba ulinzi ukubalike kwa watumiaji. Mwanachama wa Siaya aliyepoteza laini kweli, na mgonjwa wake yuko hospitalini, ataumizwa na saa hizo 72. Kwa hiyo muda huo uamuliwe na wanachama wenyewe katika mkutano wao mkuu, wala usiachiwe mwandishi wa programu.